Sahani za Mjomba

Juma lililopita nalisimama kivukoni Likoni nikingoja feri, na kungoja pale, kama ajuavyo kila mkaazi wa ng'ambo ile, ni sehemu ya maisha. Kando yangu palikuwa na kijana wa bodaboda, simu yake i wazi mkononi, na sauti iliyotoka mle ilinishika kifuani. Alikuwa Otis Redding. Nikamwuliza, "Mwanangu, huyo aimbaye wamjua?" Akanijibu, "Simjui, mzee. Imejiijia tu."

Otis Redding alikufa kwa ajali ya ndege Disemba 1967, mwaka niliozaliwa mimi. Leo amwendea kijana wa Likoni kiganjani bila ya kuitwa. Nami nilipopanda feri sikuiona bahari wala sikuisikia honi. Nalikuwa nikizifikiri sahani mia na zaidi za marehemu mjombangu, ambazo hazitamwendea mtu tena, na sababu ya kutoweka kwazo ni mimi niandikaye haya.

Mjomba alikuwa kuli wa bandari ya Kilindini, ndugu mdogo wa mamangu, na chumba chake kilikuwa cha uani nyumbani kwetu. Alikuwa na santuri ya betri, ile ifungwayo kama sanduku la safari, na sahani zake alizipanga wima ndani ya kreti la soda. Nyengine alizinunua mjini, kwa Assanand, wale waliokuwa na lebo yao wenyewe ya Mzuri. Nyengine alipewa na mabaharia wa meli alizopakua. Mle mlikuwa na Wilson Pickett, Percy Sledge, Aretha Franklin na James Brown, na baina yao mlikuwa na Matano Juma na Fundi Konde, kwani mjomba hakujua kuwa watu hawa hawafai kukaa kreti moja. Sindano ikiruka, aliweka thumuni juu ya mkono wa santuri ili uwe mzito. Mpaka leo nikiiona thumuni ya zamani nasikia ngoma na tarumbeta.

Jumamosi alinibebesha. Mimi nilitoka chuoni alasiri, juzuu kwapani, nikakuta kreti limefungwa kwa leso ya mama ili vumbi lisiingie, nikalitwika hadi kwenye ukumbi wenye dansi. Siku nyengine ilikuwa papo hapo Likoni. Siku nyengine tulivuka feri, tukapanda matatu hadi Changamwe, kwenye mitaa ya wafanyakazi wa reli, bandari na kile kiwanda cha kusafishia mafuta. Huko walichanganyika Mswahili, Mgiriama, Mtaita, Mluo na Mkamba, na wote walivaa bugaluu pana mguuni na viatu vya raizoni, na nywele zimetimuliwa zikawa kama kiota cha mnana. Mimi nilikaa nyuma ya meza nikimpa mjomba sahani aitakayo. Nilikuwa wa miaka minane au tisa. Nilizijua kwa rangi za karatasi zao za katikati, kwani Kiingereza sikukijua.

Sitaki kumdanganya mtu. Kumbi zile hazikuwa madrasa. Mna zilizouza tembo, na mna mambo ambayo mjomba alinifumba macho kwa kiganja chake. Lakini niliyoyaona mimi zaidi ni watu waliochoka. Kuli aliyebeba magunia juma zima alisimama katikati ya ukumbi, akafumba macho, na mwili ule ule uliotumikishwa ukawa wake. Wimbo wa taratibu ukipigwa hawakurukaruka. Waliteleza kwa upande, bega likifuata bega, na mara palikuwa kimya kiasi cha kusikia viatu vikisugua saruji.

Na sauti zile! Sisi tuliosomeshwa chuoni twajua thamani ya pumzi. Maalim wangu alikuwa akitukalisha kitako tukivuta madda kwa hesabu, na akipita mtu mmoja harakati alijua. Sisemi, hasha, kwamba maneno ya Mola yafanana na wimbo wa mtu. Nasema sikio lililofunzwa kusikiliza haliwezi kujizuia. Nilipomsikia Aretha akiivuta herufi moja mpaka mwisho wa pumzi yake, nilijua bila ya kuambiwa kuwa huyu naye alifundishwa mbele ya madhabahu. Baadaye nilisoma kuwa ndivyo: babake alikuwa mhubiri mashuhuri Detroit, na Sam Cooke pia alitoka katika kwaya za kanisani. Watu wale walitoa sauti ya ibada wakaitia katika mapenzi na machungu ya dunia, na wacha Mungu wa kwao waliwalaumu kama wetu walivyotulaumu sisi.

Lawama za dansi ni za kale, na hazikutoka misikitini peke yake. Novemba 1969, jirani zetu wa Dar es Salaam waliamka wakaambiwa kuwa muziki wa souli umepigwa marufuku. Aliyetoa amri ni Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, na ilikuja mwaka ule ule wa Operesheni Vijana, vijana wa TANU walipowaandama wenye sketi fupi na suruali za kubana. Hoja yao ilikuwa utamaduni wa taifa: souli ni ya kigeni, yapotosha. Vijana waliandika barua magazetini wakiuliza vipi muziki wa mtu mweusi aliyechukuliwa utumwani uwe mgeni Afrika, na suti ya Kizungu isiwe mgeni. Hakuna aliyewapa jibu lililonitosheleza mimi.

Kwetu Kenya serikali haikupiga marufuku hiyo. Hapa tulitumia aibu, nayo hufanya kazi polepole na haina tarehe ya kufutwa.

Tazama tunavyojieleza. Mgeni akitwuliza muziki wa watu wa Mombasa, jibu letu ni taarab. Twamtajia Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Malika na Zuhura Swaleh, na twafanya vyema, kwani hao ni vito. Lakini ni nani amtajaye Slim Ali? Huyu ni mtoto wa Mombasa, jina la Kiislamu, aliyesimama na Hodi Boys akaimba souli kwa Kiingereza hata wasiomjua wakadhani ni Mmarekani. Ni nani amkumbukaye Sal Davis, mwana wa mji huu pia, aliyevuma miaka ya 1960? Tukiulizwa twasema hao waliiga. Haya. Na Juma Bhalo je, aliyechukua lahani za filamu za Kihindi akazitia maneno ya Kimvita yakatoa watu machozi? Matano Juma aliyeiweka ogani ya umeme ndani ya taarab? Siti binti Saad aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurikodi? Na mababu zetu wa beni, wale wa Kingi na Skochi, waliofanya gwaride mitaani na matarumbeta na magwanda ya kijeshi, wakashindana mpaka nyumba zikatupiana mafumbo? Pwani haijapata kuwa na wimbo usiotoka na kuingia na pepo za msimu. Kilichotoka Uhindi na Misri twakiita chetu kwa kuwa kimekaa. Kilichotoka Detroit na Memphis hatukukipa muda wa kukaa, tulikitoa mlangoni.

Hapa nina neno la kando kwa akina mama wa Kisauni na Bamburi. Kule harusini kwenu, DJ akipiga "Celebration" ya Kool & the Gang, hakuna anayebaki kitini. Basi jueni kuwa aliyeuanzisha wimbo ule, Ronald Bell, alikuwa Mwislamu aitwaye Khalis Bayyan, na mwenyewe alieleza kuwa fikra yake aliipata aliposoma habari za kuumbwa kwa Adamu na malaika wakimtukuza Mola. Wimbo ulitoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 2020. Sisemi hilo laufanya wimbo kuwa kasida. Nasema mpaka tulioudhani baina ya watu wale na sisi ulichorwa na mkono usiojua habari.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mwaka 1990 nalikuwa na miaka ishirini na mitatu, ndevu mpya, na elimu chache zilizonilevya. Nilikuwa nimesoma vijitabu, nimehudhuria darasa tatu nne, na nilidhani nimeuona mwisho wa dini. Mjomba alikuwa akijiandaa kwenda Hija. Alikuwa ameacha kupiga dansi kitambo, kwani kaseti zilikuwa zimeziua sahani na madisko yalikuwa yamewaua akina mjomba. Lakini kreti lilikuwa papo hapo chini ya kitanda. Jioni moja nikamwendea, nikamwambia, "Mjomba, utakwendaje kusimama Arafa na uchafu huu uko chini ya mto wako?"

Akanitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe uliyekuwa ukinibebea."

Sikuwa na jibu, nikatoa aya. Mjomba hakubishana na aya. Siku ya pili alimwita mtu wa vyuma na chupa, akampa kreti zima. Hakudai senti. Nilimsaidia yule mtu kulipakia mkokoteni, nikajiona nimeshinda.

Alikwenda Hija akarudi, akaishi kwa uchaji na upole hadi mwaka 2016. Hakunilaumu hata siku moja. Lakini miaka yake ya mwisho, alipokuwa hawezi kutoka, nilikuwa nikimkuta kibarazani vidole vyake vikipiga mwendo juu ya mkongojo. Akiniona aliviacha. Hilo ndilo linichomalo: mzee wa miaka sabini na kitu, kwake mwenyewe, avifiche vidole vyake kwa kumwogopa mpwawe.

Waweza kuniambia, msomaji, kwamba mjomba alifanya la haki na kwamba sahani ni sahani. Huenda. Al Green naye, aliyekuwa sultani wa souli, aligeukia kanisa katikati ya miaka ya 1970 akawa mchungaji Memphis. Mtu kuacha ni jambo baina yake na Mola wake, nami simwingilii. Lakini kuacha si kufuta. Mjomba angeacha kuzipiga, zikakaa. Niliyemtaka azifute ni mimi, na nilitaka hivyo ili nyumba yetu isemekane haikuwa nazo kamwe.

Na nyumba ngapi ng'ambo ya Likoni, Mtongwe, Chaani, Mikindani, Kongowea zimefanya vivyo hivyo? Wageni wametutangulia. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko iliouita Kenya Special, wa nyimbo zilizokusanywa kutoka sahani ndogo za hapa kwetu za miaka ya 1970 na 1980. Wapenzi wa sahani kutoka Ulaya huja kuzitafuta na huzilipia pesa nzuri. Nairobi, Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul Music wamefuatilia benga na fanki ya Kenya, wakawahoji wazee kabla hawajaondoka. Sisi wa bara ya Mombasa tumefanya lipi? Sahani hupindika kwa joto, karatasi zake hula ukungu wa bahari, na wazee wajuao ni nani alipiga wapi, na ukumbi gani sasa ni ghala au kanisa au duka la simenti, wanazikwa mmoja mmoja pamoja na habari zao.

Rai yangu ni nyepesi. Wenye makumbusho ya Ngome ya Yesu wanaoweka vyombo vya kauri vya Uchina na mizinga ya Mreno watenge pia kabati la muziki wa dansi wa Mombasa, na wapeleke mtu mwenye kinasa sauti kuwasikiliza makuli, makondakta na wachezaji wa zamani. Serikali ya kaunti isingoje mgeni aombe kibali. Na nyinyi wenye kreti chini ya kitanda, msimpe mtu wa chupa. Wala hapana haja ya kupiga hata sahani moja, kama nyoyo zenu zimekataa. Ziandikeni majina, mlizinunua wapi, zilipigwa ukumbi gani, nani alishinda mashindano ya kucheza mwaka gani.

Kuna watakaosema nawafungulia vijana mlango wa maovu, na watanitajia hizi disko matanga za Kilifi na Kwale, ambazo wakuu wa serikali wamezipiga marufuku mara kwa mara kwa madhara yanayowapata wasichana wadogo. Kwa hilo niko pamoja nao, na mtoto wa kike asitumwe penye giza kwa jina la msiba. Lakini aliyemdhuru msichana yule ni mtu, ana jina na ana mlango wake. Akamatwe yeye.

Baada ya kushuka feri siku ile nilimpigia simu binamu yangu, nikamweleza. Akacheka, kisha akanyamaza, kisha akaniambia kuwa yuko mama mmoja Mtongwe, mjane wa mpiga gitaa, ambaye ana sanduku ambalo halijafunguliwa tangu mumewe afe. Wanawe wataka kulitupa, wapate nafasi ya friji. Mama amekataa, lakini hajui amkabidhi nani.

Nimemtumia salamu kuwa nitafika Jumamosi baada ya alasiri. Nimekwisha kuitafuta leso ya kulifungia.