Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Tiba: Mume wangu mlimpa dawa, onyo mkabaki nalo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Malalamiko yangu niliyaandika kwanza kwenye kitabu kilichopo dirisha la mapokezi, kama nilivyoelekezwa. Hakuna aliyenijibu, kwa hiyo nakuandikia mbele ya watu. Jina la hospitali sitalitaja. Wewe unalijua, na faili la mume wangu liko kwenye makabati yenu.

Mume wangu ana ugonjwa wa Parkinson. Kliniki yako ilimwanzishia pramipeksoli, ikamwongezea dozi kila alipohudhuria, na kwa muda wote huo hakuna daktari, muuguzi wala mfamasia aliyemwambia yeye au mimi kwamba dawa hii inaweza kumwingiza mtu mzima, mwenye akili zake, kwenye kamari asiweze kutoka. Mume wangu alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana mtaani kwetu. Fedha za kikundi zimeishia kwenye kubeti.

Nakuomba uelewe maana yake. Jirani yetu, mama mjane, alifiwa na mwanawe. Katiba ya kikundi inasema fedha zitoke siku hiyohiyo: sanda au jeneza, gari, chakula cha waombolezaji. Viongozi walikuja kwetu jioni. Mume wangu akawaambia mtandao unasumbua. Kesho yake akawaambia vilevile. Mwili umelala mochwari, bili inapanda, na mama wa marehemu amekaa chini akisubiri fedha alizozichangia yeye mwenyewe mwezi hadi mwezi kwa kuuza maandazi. Fedha hazikuwepo. Zilikuwa zimekwenda kwenye mikeka ya mechi za nchi ambazo mume wangu hata timu zake hazijui.

Siisingizii dawa, kwa kuwa ilimsaidia. Ninalo hapa daftari la kikundi. Kabla ya matibabu mwandiko wake ulikuwa umesinyaa, herufi zinaanza vizuri mwanzo wa mstari na kuishia ndogo kama punje za ulezi. Madaktari wako wanaujua mwandiko huo, ni dalili ya ugonjwa wenyewe. Baada ya dawa herufi zikarudi. Majina ya wanachama yanasomeka, tarakimu zimenyooka. Na kwa mwandiko huohuo uliopona, ukurasa baada ya ukurasa, ameandika salio ambalo halikuwepo. Daftari hili limepitishwa mkono kwa mkono kwenye kikao cha wanachama, na kila aliyelisoma aliniangalia mimi.

Mambo mengine nayataja tu. Kiinua mgongo chake kimekwisha. Kiwanja tulichopanga kujengea vyumba vya kupangisha kimeuzwa. Kuna mikopo ya simu ambayo bado tunalipa. Alisinzia ghafla akiwa kwenye pikipiki, akaanguka mtaroni, na hilo nalo ni madhara yanayojulikana ya dawa hii ambayo hatukuambiwa. Yote hayo ni yetu na tutayabeba. Fedha za kuzikia si zetu.

Sasa nieleze onyo lilikuwa wapi. Kwenye dirisha lenu la dawa vidonge vinahesabiwa na kutiwa kwenye bahasha ndogo ya karatasi, juu yake imeandikwa 1x3, basi. Siku dawa ilipowaishia tukaelekezwa kununua nje, na duka la dawa likatupa boksi zima. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya maelezo. Binti yetu aliisoma mezani, akanyamaza, akaisoma tena kwa sauti. Kamari, manunuzi yasiyozuilika, kula kupita kiasi, tamaa za mwili zisizo za kawaida: vyote vimeandikwa pale, pamoja na ushauri kwamba mgonjwa au ndugu zake wakiona dalili hizo wamwambie daktari. Ndugu tungeona vipi? Karatasi hiyo ilikuwa ikibaki stoo kwenu kila mara, sisi tukipewa bahasha.

Hakuna mtu kwenye kliniki yako anayeweza kusema jambo hili ni geni. Mwaka 2005 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 11 wa Parkinson walioingia kwenye kamari wakiwa kwenye dawa za kundi moja na pramipeksoli, na 9 kati yao walikuwa wanatumia pramipeksoli yenyewe. Mwaka 2010 ukatoka utafiti wa wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada: waliokuwa kwenye dawa hizi, takriban 17 katika kila 100 walikuwa na moja ya tabia hizo zisizozuilika, wasiozitumia walikuwa kama 7. Huko Ufaransa, Didier Jambart, baba wa familia, alipewa ropiniroli, dawa ndugu ya hii, akazama kwenye kamari ya intaneti hadi akawaibia rafiki na wafanyakazi wenzake. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Rennes iliiamuru kampuni iliyotengeneza dawa imlipe euro zipatazo 197,000. Kwa hiyo mahakama ilishakubali kwamba mtu wa namna hiyo ni mgonjwa aliyedhurika. Mtaani kwetu mume wangu anaitwa mwizi wa sanda.

Hata sababu yake inaelezeka. Sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo imepungukiwa dopamini, kemikali ya ubongo ambayo dawa hizi huiga kazi yake, lakini sehemu inayohusika na raha na tamaa huenda bado inayo ya kutosha. Dozi inayolegeza mkono uliokakamaa inakuwa imeizidi sehemu ile nyingine. Ndiyo maana mtu aliyepata kucheza kamari zamani anatakiwa aangaliwe zaidi. Mume wangu ujanani alicheza karata za pesa, akaacha tulipooana. Angeulizwa angesema, hana siri juu ya hilo. Hakuulizwa.

Tulirudi kliniki na ile karatasi mkononi. Daktari aliyekuwa zamu hakuisoma. Aliniambia, "Mama, wanaume wakipata kiinua mgongo huwa hivyo." Nilipozidi kung'ang'ania akaandika dawa isitishwe siku ileile. Mgonjwa akakakamaa hata kugeuka kitandani hawezi, jasho linamtoka, hofu imemjaa usiku kucha. Hospitali nyingine ndiyo iliyotueleza kwamba dawa hii haikatwi ghafla, inapunguzwa kidogo kidogo, na ndivyo walivyofanya huku wakimwongezea levodopa, dawa nyingine ya Parkinson. Dozi ilipopungua, hamu ya kubeti nayo ikapungua, hatimaye ikaisha. Simu sasa anaitumia kupigia wajukuu. Lakini mlango wa mama mjane anaupita kwa kuzunguka nyuma ya nyumba.

Mheshimiwa, hasira yangu haiishii kwa daktari mmoja. Mmezoea kututibu kama watu wasiohitaji kujua. Mgonjwa akiuliza dawa ni ya nini anaambiwa meza tu, na akiuliza mara ya pili anaitwa mjuaji. Kabergolini na bromokriptini, wanazopewa wanawake wenye homoni ya prolaktini nyingi, na wengine kwa ajili ya kukausha maziwa, ziko kwenye kundi hilihili. Ni nani amewaeleza? Na kwa Parkinson yenyewe, utafiti wa wilaya ya Hai, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa wa Parkinson waliopatikana kule hawakuwa wametambuliwa kabla. Wachache wanaobahatika kufika mbele ya daktari wa ubongo wanapewa bahasha na namba mbili.

Nchini Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, iliandika mwaka 2017 kwamba mgonjwa anayeanzishiwa dawa hizi, pamoja na familia yake, waelezwe hatari hii kwa mdomo na kwa maandishi, na faili lionyeshe kwamba mazungumzo hayo yamefanyika. Kazi hiyo haihitaji mashine wala bajeti. Inahitaji karatasi moja ya Kiswahili, na daktari wa kuuliza kila hudhurio, ndugu akiwepo: siku hizi unabeti? Fedha nyumbani zinakwendaje? Unalala vipi? Nataka kliniki yako ianze hivyo, na wagonjwa wote walio kwenye dawa hizi sasa waitwe waulizwe, kabla fedha za mtaa mwingine hazijaisha.

Fidia sijaiomba kwenye barua hii. Fedha za kikundi tunazirudisha wenyewe, kidogo kidogo, na mama mjane tumemtanguliza. Ninachokudai ni barua yenye nembo na muhuri wa hospitali, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ieleze wanachama wetu kwamba mume wangu alipewa pramipeksoli hapo kwenu, kwamba dawa hiyo inajulikana kusababisha kamari isiyozuilika, na kwamba hakuonywa. Kikundi kinakutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya saa kumi. Mwenyekiti ameshakubali kuisoma mbele ya wote. Namba ya faili nimeiacha tena kwa katibu muhtasi wako.

Wako,
Mke wa mgonjwa