Raketi ya Axelsen Haitakupa Mkono wa Axelsen

Wasee, leo tuambiane ukweli. Kuna ugonjwa umeingia kwa wachezaji wapya wa badminton. Mtu amecheza miezi minne, kinyoya bado anakipiga na fremu mara mbili kwa kila tano, lakini tayari anaulizia bei ya Astrox 100 ZZ. Ukimuuliza kwa nini hiyo, jibu ni moja tu: "Si ndiyo ya Viktor Axelsen?"

Sawa, ni raketi ambayo Axelsen ameifanya ijulikane. Lakini Axelsen ni Mdenmark wa mita 1.94 aliyebeba dhahabu ya Olimpiki mara mbili, Tokyo na Paris, na hiyo ndiyo imekuwa kazi yake. Wewe kazi yako ni nyingine, unacheza Jumamosi masaa mawili kwa ukumbi wa kanisa. Mnafanana wapi, buda?

Msimamo wangu ni huu: kama umetoka kwa kubahatisha na sasa unaanza kuiva, raketi ya pro itakurudisha nyuma. Tafuta ya grafaiti, nyepesi, yenye uzito uliosawazika na shafti inayopinda. Pesa inayobaki, peleka uwanjani.

Sisemi ununue takataka. Wenye kusema rahisi ni ghali wako sawa kwa hiyo sehemu. Zile za supermarket zinazouzwa mbili kwa mfuko mmoja, za chuma au alumini, ni za kuchezea nje ya nyumba na watoto. Ni nzito na nyuzi zake zimelegea. Ukishaanza kucheza ndani ya ukumbi na watu wanaojua, zitakuchosha mkono bure. Zipe shukrani, ziachie kasisteri kako, songa mbele.

Shida ni kwamba watu wanatoka kwa hizo wakaruka moja kwa moja hadi juu ya paa. Wanaruka ngazi yote ya katikati, na hapo katikati ndipo raketi yako iko.

Soma ile koni ndogo juu ya mshiko. Utaona kitu kama 4U G5. Hiyo U ni uzito, na namba ikipanda uzito unashuka. 3U ni gramu 85 hadi karibu 90, 4U ni 80 hadi karibu 85, 5U ni 75 hadi karibu 80. Chukua 4U au 5U. Gramu tano zinaonekana ni mzaha mpaka ufike seti ya tatu na bega linaanza kukuuliza maswali. G nayo ni unene wa mshiko. Kwa Yonex, G5 ni nyembamba kuliko G4. Ukiwa na shaka, nunua nyembamba, kwa sababu unaweza kuzungusha tepu ya mshiko ikanenepa. Nene huwezi kuichonga ukiwa nyumbani.

Halafu kuna uzito umekaa wapi. Weka shafti juu ya kidole chako mpaka raketi itulie bila kuanguka. Pima kutoka hapo hadi mwisho wa mshiko. Ikiwa ni kama milimita 285 hadi 295, imesawazika. Ikizidi hapo, kichwa ni kizito: smeshi inapata nguvu, lakini ukishambuliwa unachelewa kurudisha. Na kwa doubles ya wikendi, mtu mpya anashambuliwa kuliko anavyoshambulia. Hiyo ndiyo hali, tusidanganyane.

Sasa shafti. Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Shafti inapinda ukivuta mkono, halafu inarudi kama upinde wa manati na kukusukumia kinyoya. Shafti ngumu sana inahitaji mkono wa kasi na wakati uliopimwa vizuri ndiyo ipinde. Kama mkono wako bado ni wa pole, haipindi. Hupati ule msaada, kwa hivyo unalazimisha na bega. Hiyo Astrox 100 ZZ ni ngumu kupita kiasi na kichwa chake ni kizito. Ilitengenezewa mtu ambaye nguvu tayari anazo na anatafuta tu mahali pa kuzielekeza.

Kuna jamaa tunacheza naye. Alichukua mkopo wa simu akanunua fremu ngumu, kisha akafungiwa nyuzi paundi 28 kwa sababu fundi alimwambia hivyo ndivyo mapro wanafunga. Wiki ya tatu bega likagoma. Sasa anakuja Jumamosi anakaa benchi anatuhesabia pointi, na mkopo bado analipa. Jamaa alikuwa anapenda huu mchezo kutuliko sisi wote. Hiyo ndiyo inaniuma.

Kwa hivyo nyuzi pia zina siasa yake. Zikikazwa sana, lazima upige katikati kabisa ya kichwa, la sivyo kinyoya kinakufa. Zikilegea kiasi, zinarusha zenyewe na kukusamehe ukikosea kidogo. Mtu anayeiva, paundi 21 hadi 23 zinamtosha. Chukua uzi mnene kidogo, kama BG65 wa milimita 0.70, utakaa. Na uangalie fremu imeandikwa mwisho ni paundi ngapi, usipitishe. Jambo lingine ambalo wauzaji hawakumbuki kukuambia: raketi nyingi za bei ya juu huuzwa bila nyuzi. Unadhani umemaliza kulipa, kumbe ndiyo umeanza.

Najua mtakachosema. "Si bora ninunue ya pro sasa, nikue ndani yake?" Hiyo ni hesabu ya sweta ya form one. Mzazi anakununulia kubwa, mikono inafika magotini, eti utaijaza ukifika form three. Lakini sweta inakungoja tu, haikufundishi kutembea vibaya. Raketi inakufundisha kila siku unayoishika. Ukijifunza kupiga kwa kulazimisha bega miezi sita, hiyo ndiyo itakuwa mtindo wako, na kuutoa ni kazi kuliko kuuingiza.

Kuna pia suala la feki. Majina makubwa ndiyo yanaigwa zaidi, kwa sababu hakuna mtu atahangaika kuiga raketi isiyojulikana. Ukiona raketi ya bingwa wa dunia kwa robo ya bei mtandaoni, na muuzaji hana duka, hana risiti, ana picha tu, jiulize mwenyewe. Ya kati kutoka duka linalokupa risiti inaishinda hiyo mchana kweupe. Hata mtumba ni sawa, bora uikague: pitisha kidole kwa fremu nzima, hasa karibu na vile vibomba vidogo vya plastiki nyuzi zinapopita. Ukihisi ufa, rudisha pole pole na uage vizuri.

Mimi niliacha campo mwaka wa pili, kwa hivyo hesabu yangu ni ya kioski. Tuseme una elfu 20. Unaweza kuimwaga yote kwa fremu moja. Ama utumie elfu 7 kwa raketi ya kati na nyuzi nzuri, ubaki na elfu 13. Kama mnachanga mia tatu kila mtu kulipia ukumbi, hizo ni wikendi 43. Karibu mwaka mzima wa kucheza! Niambie nani atakuwa mkali Desemba: mwenye fremu ya bingwa na hana nauli ya kufika ukumbini, ama huyu wa wikendi 43?

Na hii si maneno ya badminton peke yake, mnajua. Kizazi chetu kimefundishwa kuonekana kwanza, kufanya baadaye. Wenzangu wa maudhui wanapewa raketi za bure wanawaambia zimewabadilishia mchezo, na ninyi mnaenda kuzikopea. Kopea kitu kingine. Usikopee picha.

Siku ya kupanda ngazi itafika na utaijua. Uwanja una mita 13.40 kutoka nyuma hadi nyuma. Ukiweza kutuma kinyoya kutoka mstari wako wa nyuma hadi wa mwenzako, mara kumi mfululizo, bila bega kulia, na unaweza kuniambia kwa maneno yako ni kitu gani raketi yako inakunyima, hapo nenda kanunue ngumu na nitakusindikiza dukani. Kabla ya hapo, raketi haikunyimi kitu. Bado hujaimaliza.

Tukutane uwanjani. Na mje na vinyoya vyenu, mmezoea kuja mikono mitupu.