Tani Ngapi, na Nani Kasema?

Utafiti wa chuo usioonyesha umetoa wapi takwimu na hoja zake haustahili kupitishwa, hata kama umeandikwa kwa ufasaha. Tazama Kimondo cha Mbozi, kilicho wilayani Mbozi, Tanzania, wilaya moja na kata ya Ihanda, na kilichoripotiwa kwa wataalamu mwaka 1930: maandishi mengine hukipa tani 12, mengine 16, mengine 25. Makadirio kutofautiana si kosa. Kosa ni namba kusimama peke yake, bila jina la aliyekadiria, mwaka wala ukurasa, kisha mwingine akainakili kana kwamba alikipima yeye.

Wapo watakaosema kanuni hizi za kutaja vyanzo ni za wenye maktaba, ilhali mengi ya Unyiha, nchi ya Wanyiha huko Mbozi, yamo vichwani mwa wazee. Basi hiyo ndiyo sababu ya kuzishika. Mkulima wa kahawa wa Ihanda anayeeleza miche ilivyopandwa zamani ni chanzo kama kitabu: atajwe, kwa ridhaa yake, pamoja na kijiji na tarehe ya mahojiano. Kuandika “inasemekana” kunamnyima haki yake na kumfungia njia anayetaka kuhakiki.

Programu za kunasa wizi wa maandishi hutambua maneno yanayofanana. Namba iliyookotwa huzipita. Kwa hiyo wanaosimamia tafiti wafungue wenyewe vyanzo vitatu au vinne vya kila kazi kabla ya kutia saini, na visipoonekana, kazi irudishwe kwa mwandishi.