Toa baiskeli stoo, lakini ifunge taa kwanza



Ndugu msomaji, baada ya kumshukuru Allah (s.w.) kwa neema ya uzima, wiki hii nakuomba tuzungumzie chombo ambacho nyumba nyingi za pwani yetu ziliwahi kuwa nacho, na ambacho leo kimeegemezwa ukutani stoo, tairi hazina upepo na mnyororo umeshika kutu. Nakusudia baiskeli.

Kilichonisukuma kuandika ni mtihani ulionipata mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipimwa nikakutwa sukari imepanda, na presha nayo haikuwa nzuri. Daktari akaniuliza swali moja tu: "Mzee, kwa siku mwili wako unaushughulisha kiasi gani?" Nikakaa kimya. Kutoka nyumbani kwangu hapa Bagamoyo hadi kwenye biashara yangu ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, nami nilikuwa nakwenda na kurudi kwa bodaboda. Jioni nakaa barazani na wenzangu, chai ya maziwa yenye sukari mkononi na mkate wa kumimina pembeni. Mwili ambao ni amana ya Mola wangu nilikuwa naulisha tu bila kuutumikisha.

Nikaitoa baiskeli ya marehemu baba, Phoenix nyeusi ya zamani. Mama watoto aliponiona akaniambia, "Baba, watu watasema tumefilisika." Hakukosea. Siku ya tatu tu jirani aliniuliza kwa huruma kama biashara imeyumba.

Hapo ndipo penye tatizo letu, ndugu msomaji. Tumeifanya baiskeli kuwa alama ya ufukara. Mwenye nacho hupanda gari, anayejikongoja hupanda bodaboda, na anayepiga pedali huonewa huruma. Aibu hiyo inatugharimu, kwani kisukari na shinikizo la damu, maradhi tuliyokuwa tukiyaita ya matajiri, sasa yamo katika nyumba za udongo na za vigae sawasawa.

Tazama namna tunavyopima mambo. Mwishoni mwa mwaka 1984 binamu wawili Waingereza, Richard na Nicholas Crane, walipanda Mlima Kilimanjaro na baiskeli zao hadi kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, pengine wakizipanda na pengine wakizibeba mabegani. Ulimwengu ukawasifu, na hadi leo wapo wageni wanaofunga safari kuja kuendesha baiskeli katika hifadhi ile ya mlima. Sina neno nao. Lakini muuza samaki anayetoka ufukweni Bagamoyo kabla jua halijachomoza, tenga limefungwa kwenye keria, akapita Kiromo, Zinga na Kerege akinadi mlango kwa mlango, na kesho akarudia, huyo hatumsifu. Tunamwita maskini. Mgeni akipiga pedali tunasema mwanamichezo, jirani akipiga pedali tunasema ana dhiki. Je, mapafu na moyo vinajua tofauti hiyo?

Faida yake mwilini

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima aushughulishe mwili kwa kiasi cha wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Watoto na vijana wanatakiwa wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Gawa dakika 150 kwa siku tano utapata nusu saa kwa siku. Nusu saa hiyo kwa baiskeli ni safari ya kwenda kazini na kurudi. Hulipii kiingilio cha mahali pa mazoezi wala hutafuti muda mpya katika siku yako.

Misuli ya mapaja inapofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu na kuitumia, na kwa yule anayezoea hali hiyo husaidia kuiweka sukari katika kiwango. Moyo nao huimarika, na presha kwa wengi hushuka kidogo kidogo. Zaidi ya hayo, mtu mnene au mwenye magoti mabovu mara nyingi huimudu baiskeli kuliko kukimbia, kwa sababu uzito wake umebebwa na tandiko.

Lakini angalia usijidhuru. Mwenye kisukari, presha au maradhi ya moyo amuone daktari kwanza. Usiache dawa kwa sababu umeanza baiskeli. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari atembee na kitu kitamu mfukoni, maana akihisi kutetemeka, jasho la ghafla na kizunguzungu, sukari imeshuka, na itampasa asimame hapo hapo ale. Anayeumwa kifua akiwa njiani asimame na atafute tiba, asijikaze.

Joto la pwani yetu nalo si la kuchezea. Wakati mzuri ni baada ya swala ya Alfajiri kunapopambazuka, au baada ya Alasiri. Chukua maji. Katika mwezi wa Ramadhani punguza mwendo, na mazoezi yafanye karibu na magharibi ili futari isiwe mbali.

Wanaoanza wajaribu safari ya kutoka mjini Bagamoyo hadi magofu ya Kaole, penye msikiti ambao wataalamu wa mambo ya kale wanauhesabu kuwa wa karne ya 13. Ni kama kilomita tano kwenda na tano kurudi. Ila wale vijana wanaotamani kupita Makurunge na kuingia Saadani kwa baiskeli watulie. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ina simba na tembo, na haiingiwi bila ruhusa na maelekezo ya wahifadhi.

Barabara haina huruma

Sasa nisikilize vizuri, kwani hapa ndipo nilipotaka kufika. Mwenye kukuambia panda baiskeli bila kukuambia habari ya barabara hajakunasihi.

Usiku mmoja nilikuwa narudi kutoka kwenye hitima upande wa Kiromo, baada ya Isha. Nilivaa kanzu nyeusi na koti jeusi, baiskeli haina taa mbele wala kioo chekundu nyuma. Lori likaja nyuma yangu, na mbele ikaja gari yenye taa kali. Sikuona kitu. Niliacha lami nikatumbukia mtaroni, mkono ukateguka. Lori lilipita bila kusimama, na kwa hakika naamini dereva hakujua kama palikuwa na mtu. Nililala mtaroni nikiwaza kuwa nilitoka nyumbani kutafuta afya, nusura nirudishwe nimefunikwa shuka.

Tufanye hesabu. Gari inayokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akihitaji sekunde mbili tu kukuona na kuamua, ameshasogea mita 44 kabla hajakanyaga breki. Mtu mweusi, nguo nyeusi, usiku mweusi, ataonekana saa ngapi? Ripoti ya WHO ya mwaka 2023 inakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wenye pikipiki. Barabara yetu, kuanzia Tegeta na Bunju hadi Mapinga na kuendelea, magari yameongezeka sana kuliko ilivyokuwa zamani. Barabara aliyoendesha baba yangu si hii.

Kwa hiyo, kabla baiskeli haijatoka nje ya ua:

Kwanza, taa. Mbele taa nyeupe, nyuma taa nyekundu au kioo cha kuakisi mwanga. Anayetoka kwenda kuswali Alfajiri anahitaji taa kama anayerudi kutoka Isha. Vaa nguo nyeupe. Kanzu yako nyeupe ni kinga.

Pili, breki zote mbili zishike. Breki ya kukanyaga tairi kwa kandambili si breki.

Tatu, kichwa. Helmeti, yaani kofia ngumu ya baiskeli, hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kuumia vibaya kichwani. Kofia yetu ya viua inapendeza, lakini haizuii lami.

Nne, kaa kushoto, mwendo mmoja, usiyumbeyumbe. Kabla ya kukata kulia tazama nyuma, toa mkono, na ukiona magari mengi shuka uivushe kwa miguu. Usiweke simu sikioni wala nyimbo masikioni.

Tano, nguo. Pindo la kanzu na la buibui huingia kwenye mnyororo na spoku. Kunja, funga, vaa suruali ndani, na weka kava la mnyororo.

Sita, mzigo. Madumu manne ya maji na mtoto juu yake ni hatari kwa wote wawili.

Akianguka mtu, jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni. Usilipake mafuta ya taa, majivu wala unga wa betri. Apelekwe kituo cha afya akaulizwe habari ya chanjo ya pepopunda. Aliyejigonga kichwa kisha akatapika, akasinzia kupita kawaida au akachanganyikiwa, awahishwe hospitali hata kama hana jeraha la nje.

Na usafi usisahaulike. Jasho lisikaukie mwilini. Oga, badili nguo za ndani, jikaushe vizuri kwenye mapaja na kinena, kwani fangasi hupenda unyevu. Wauza samaki nao watumie chombo chenye barafu na mfuniko, maji yake yasichuruzike njiani na nzi wasipate karamu.

Akina mama na watoto

Nitaulizwa, je, wanawake? Suala la stara na mahali panapofaa waulizwe mashekhe wenye elimu. Mimi wa safu hii nasema tu kuwa kisukari hakichagui jinsia, na kuwa zipo baiskeli zenye bomba la chini ambazo hazimlazimu mtu kunyanyua nguo. Mji wa Tanga, wa pwani hii hii, unajulikana kwa baiskeli, na hakuna aliyesema watu wake wamepungukiwa heshima.

Wazazi nao nawaomba jambo moja. Kijana asiyejua kusimama kwenye njia panda asinunuliwe pikipiki. Mpe baiskeli kwanza, mfundishe uani, kisha kwenye njia za mitaani, na barabara kuu iwe ya mwisho.

Kwenu madereva, wengi mkiwa ndugu zetu katika imani. Tumefundishwa kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Basi vipi yule ambaye yeye mwenyewe ndiye udhia? Kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Ukimpita mwenye baiskeli mpe nafasi ya mita moja na nusu, na kama nafasi hiyo haipo, subiri. Na viongozi wetu, kila barabara inapopanuliwa, wakumbuke kumtengea njia yake yule asiye na injini.

Mimi mkono ulipopona nilirudi barabarani, safari hii na taa mbili. Sukari yangu leo inanisikiliza zaidi kuliko zamani, alhamdulillah, pamoja na dawa na kupunguza mkate wa kumimina. Mama watoto hasemi tena habari ya kufilisika. Wiki iliyopita aliniuliza taa ile niliinunua shilingi ngapi, maana kaka yake anataka kuitoa ya kwake stoo.

Basi nawe, ndugu msomaji, kabla ya Ijumaa ijayo fungua stoo. Ipeleke kwa fundi, akaze breki, atie upepo, afunge taa. Gharama yake ndogo, na haki ya mwili wako juu yako ni kubwa.

Allah atujaalie afya, atukinge na ajali, na awarehemu waliotutangulia barabarani. Wabillahi tawfiq.