Vyumba viwili, familia moja: mbona mfumo hauelewi ujirani?

Leo nataka kuandika kuhusu meli. Najua hii ni blogu ya programu na mitandao, na wengi wetu chombo kikubwa tulichowahi kupanda baharini ni feri ya Likoni. Lakini nivumilie kidogo, ndugu msomaji. Meli za kitalii zinaonyesha wazi tatizo lililo katika karibu kila tovuti ya kuweka nafasi, na tatizo lenyewe si la mitambo. Ni la jinsi sisi watengenezaji tunavyofikiri.

Kisa ni hiki. Shangazi yangu anaishi Marekani na mumewe na watoto wanne. Wanataka kwenda safari ya wiki moja katika Karibi, wakitokea Florida. Wanachotaka si kikubwa: vyumba viwili vyenye roshani, vinavyopakana, wazazi katika kimoja na watoto katika cha pili, na kile kizuizi kati ya roshani mbili kifunguliwe ili ziwe baraza moja. Kwa kuwa mimi ndiye "fundi wa kompyuta" wa ukoo (yule anayeitwa hata printa ikikwama), kazi ya kutafuta vyumba ikanifikia. Tangu hapo nimekuwa nikisoma ramani za meli kuliko ninavyosoma kodi.

Tuanze na namba. Katika meli nyingi, vyumba vya upande mmoja vina namba shufwa na vya upande wa pili vina namba witiri. Kwa hiyo jirani wa chumba 8210 si 8211, bali ni 8212. Yule wa 8211 yuko upande mwingine kabisa wa meli, anatazama bahari nyingine! Tena katikati ya namba kuna lifti, ngazi, stoo za wahudumu na vyumba vya ndani visivyo na dirisha. Ujirani basi hauwezi kupatikana kwa kujumlisha moja. Ni lazima uandikwe katika hifadhidata kama jambo linalojitegemea.

Na ujirani wenyewe si wa aina moja. Kuna vyumba vinavyopakana tu. Kuna vinavyopakana na vina mlango wa ndani unaoviunganisha. Halafu kuna vile ambavyo kizuizi cha roshani kinafunguka. Vizuizi vingine vina bawaba, na mhudumu wa chumba hukufungulia kwa ufunguo wake ukimwomba. Vingine vimefungwa kabisa, au ni sehemu ya chuma cha meli yenyewe. Inawezekana 8210 na 8212 zikafunguliana, lakini 8212 na 8214 zisifunguliane. Milango ya ndani kwa kawaida huwekewa alama kwenye ramani ya sitaha. Vizuizi vya roshani, mara nyingi hapana. Mhudumu anajua, lakini mteja anayelipa pesa hana pa kuangalia.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta anaweza kulichora jambo hili kwenye karatasi moja: vyumba ni nukta, na mistari kati yake ni ujirani, kila mstari na aina yake. Si hesabu ngumu. Ni kwamba mwenye kuunda mfumo alifikiria chumba kama bidhaa inayokaa peke yake, kama sabuni kwenye rafu.

Jambo la pili ni malipo. Ukilazimika kubuku chumba kimoja, ulipe, kisha urudi kubuku cha pili, kati ya hatua hizo mbili mtu mwingine popote duniani anaweza kukinunua kile cha pili. Unabaki na nusu ya ulichotaka, na pesa imeshaenda. Sisi watu wa hifadhidata tuna jibu la zamani kwa hili: ama yote yafanyike, ama lisifanyike lolote. Jim Gray, aliyepewa tuzo ya Turing mwaka 1998, alijenga jina lake kwa kazi ya aina hiyo. Benki hazihamishi nusu ya muamala. Tovuti nyingine siku hizi hukuruhusu kuchukua vyumba viwili kwa pamoja, na nazipongeza. Nyingine zinakwambia piga simu, au zinakupa huduma ya "kuunganisha" nafasi mbili, ambayo mara nyingi hukuwekeni meza moja ya chakula tu, wala haikuahidi vyumba vya karibu.

Sasa nifike panaponiuma. Kampuni nyingi zinazotoka bandari za Marekani zinataka kila chumba kiwe na angalau mtu mmoja wa miaka 21 au zaidi. Kampuni nyingi pia hulegeza sharti hilo kwa watoto ambao wazazi wao wako chumba cha pembeni au cha mkabala. Sheria yenyewe ni ya busara. Lakini fomu huuliza majina ya chumba cha kwanza kabla ya kujua kwamba kuna cha pili, hivyo inawakataa watoto papo hapo. Ushauri ambao familia hupeana ni ule ule: andika mzazi mmoja katika kila chumba, mkishapanda mtajipanga wenyewe.

Yaani mfumo unamfundisha mteja kudanganya. Na uongo huu unabaki kwenye orodha ya meli. Orodha inasema mtoto analala 8210 na babake, kumbe yuko 8212 na nduguze.

Utasema ni jambo dogo. Mwaka 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Abiria mamia waliokuwa wamepanda siku hiyo hiyo walikuwa bado hawajafanya zoezi la usalama. Tangu Januari 2015 sheria ya kimataifa inataka zoezi hilo lifanyike kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapoondoka. Kila abiria hupangiwa kituo cha kukusanyikia, na vyumba vilivyo mbalimbali vinaweza kupangiwa vituo tofauti. Usiku wa hatari, orodha ya nani yuko wapi si karatasi ya ofisini tu. Sitaki mama atumwe mbele ya meli na watoto nyuma kwa sababu fomu haikuwa na nafasi ya kuandika ukweli.

Nikubali pia kwamba kampuni zina hoja zao. Wakati mwingine mfumo hukataa mtu wa tatu ingawa kitanda kipo, kwa sababu mashua za uokoaji za sehemu ile zimeshafikia idadi yake. Hapo mfumo uko sawa kabisa, ila ungesema sababu! Na ni kweli kwamba ukiwapa watu wote majirani wanaowataka, utabaki na vyumba vimoja vimoja visivyonunulika. Sawa, uzeni kwa bei tofauti. Lakini swali la kwanza kwenye ukurasa liwe: mko wangapi, wa umri gani, na nani lazima awe karibu na nani? Kisha tuonyesheni jozi za vyumba, si chumba kimoja kimoja.

Kwa wenye safari ya namna hii, haya ndiyo niliyomwambia shangazi:

1. Usichukue nafasi ya bei nafuu ambayo kampuni inakuchagulia chumba baadaye. Hapo ujirani hauahidiwi.
2. Fungua ramani ya sitaha ya meli ile ile. Usiamini mfuatano wa namba.
3. Uliza kama kizuizi kati ya namba hizo mbili hasa kinafunguka, na upate jibu kwa barua pepe.
4. Omba vyumba vyote viwili vishikiliwe kabla ya kulipa hata kimoja.
5. Omba iandikwe kwamba msihamishwe, hata kwa chumba kizuri zaidi.
6. Mkishapanda, waambieni wahudumu nani analala wapi.

Nasi tunaotengeneza programu hapa nyumbani tusicheke. Chama cha akina mama kumi kimewahi kuweka akiba yote kwenye laini ya simu ya mweka hazina, kwa kuwa mfumo ulimjua mtu mmoja mmoja tu. Watu wetu husafiri, huweka akiba na huugua wakiwa kikundi. Kabla hujaunda jedwali lako lijalo, jiulize kama lina mahali pa kuandika kikundi hicho, au litawalazimisha watu kuandika uongo ili wapite.

Wewe je, ni fomu gani imewahi kukulazimisha kudanganya? Niandikie.