Kiwiliwili Hakitumwi kwa Simu

Ipo kauli inayotembea siku hizi katika ofisi za shule na katika mikutano ya wazazi, nayo husemwa kwa utulivu kama kwamba imekwisha kuthibitishwa. Kauli hiyo ni kwamba elimu ya viungo yaweza kufundishwa kwa mbali kama somo lingine lolote: mwalimu huonyesha zoezi katika kioo cha simu au cha runinga, mwanafunzi huliiga nyumbani kwao, na kazi imekwisha. Wenye kauli hiyo husema kuwa ugonjwa wa Korona ndio uliotufunza hayo. Tena huongeza kuwa shule isiyo na uwanja haina upungufu, na yenye uwanja yaweza kuutumia kwa jambo lenye faida zaidi. Naipinga kauli hii, na nataka ninyi vijana mzijue sababu zangu, maana mwili unaojadiliwa ni wenu.

Sipingi mafunzo ya mbali kwa kuwa ni ya mbali. Tangu miaka ya 1960 walimu wengi wa Kenya waliokosa mafunzo kamili walijiendeleza kwa masomo ya posta na redio yaliyotoka Kikuyu, karibu na Nairobi. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilipeleka masomo kwa redio, kwa runinga na kwa intaneti, na watoto wengi ambao wangalikaa bure walipata cha kufanya. Hesabu hupita hewani ikashuka katika daftari bila kupungua. Historia kadhalika. Asiyekiri fadhila hii ni mnyimi wa fadhila.

Lakini kila elimu ina makao yake. Hesabu hukaa akilini. Elimu ya viungo hukaa katika misuli, katika pumzi, na katika ujasiri wa mtu mbele ya wenzake. Jibu la hesabu likikosewa hufutwa. Goti likiteguka halifutiki. Katika chuo cha ualimu jambo la kwanza tulilofundishwa juu ya somo hili halikuwa kuruka wala kukimbia, bali kutazama. Mwalimu husimama akielekea jua ili wanafunzi walipe kisogo. Huwahesabu kabla ya zoezi na baada yake. Humwona aliyetua kwa magoti yaliyokakamaa, akamkomesha kabla hajaumia. Huweka mkono mgongoni pa yule anayepiga kichwangomba kwa mara ya kwanza, asianguke kwa shingo. Humtambua mnyonge aliyejificha nyuma ya wengine, akampa mpira yeye kwanza. Sasa mtazameni mwalimu wa kioo. Yeye huonwa na wote, naye hamwoni hata mmoja. Na hata pale anapoweza kuwaona, huona nyuso arobaini, kila moja ukubwa wa stempu, na miguu hakuna.

Kama kauli ya wapinzani wangu ingekuwa kweli, ingalidhihirika katika Mji wa Kale wa Mombasa mwaka 2020. Tarehe 6 Mei mwaka ule serikali ilitangaza kuwa mtu asiingie wala asitoke katika mji huo, kama ilivyokuwa katika mtaa wa Eastleigh wa Nairobi, na amri hiyo ilidumu mpaka tarehe 6 Juni. Hapo ndipo palipokuwa na haja ya mafunzo ya mbali kuliko mahali pengine pote. Lakini ni nani asiyeujua Mji wa Kale? Nyumba zake zimepakana ukuta kwa ukuta, na vichochoro vya Kibokoni na Kuze ni vyembamba hata wachukuzi wawili wakikutana na mizigo yao hapana budi mmoja ampishe mwenziwe. Familia moja hukaa juu na nyingine chini. Mtoto akiruka mara ishirini orofani, vumbi la dari humshukia jirani aliye chini. Simu ilikuwa moja katika nyumba ya watoto wanne, tena ni ya baba, na fedha za intaneti zilishindana na fedha za unga. Na sehemu kubwa ya mwezi ule ilikuwa ni Ramadhani. Mwalimu aliye mbele ya wanafunzi wake humjua aliyefunga, akampunguzia zoezi au akalisogeza mpaka jioni. Sauti iliyorekodiwa haijui. Humwambia aliyefunga na aliyekula, mwenye pumu na asiye nayo, maneno yale yale: ruka tena.

Wataniambia kuwa ile ilikuwa dharura. Nami nakubali, ndiyo hoja yangu. Gongo ni jambo jema kwa aliyevunjika mguu, lakini hakuna mganga aliyepata kumwambia mgonjwa wake kwamba, kwa kuwa gongo limemsaidia, basi mguu haumfai tena.

Watanitajia pia Joe Wicks wa Uingereza. Mtu huyo alianza tarehe 23 Machi 2020 kuongoza mazoezi ya watoto kila asubuhi katika YouTube, na siku ya pili yake alihesabiwa kuwa na watazamaji 955,185. Alitenda jambo jema, na watoto waliofungiwa walimpenda. Lakini ile ni hesabu ya waliotazama. Haisemi ni wangapi waliruka, wangapi waliketi wakila, wangapi waliacha walipochoka. Mwalimu wa uwanjani mwenye wanafunzi arobaini huwajua wote arobaini. Kutazamwa na umati si kufundisha umati, kama vile kusikiwa na wengi katika redio si kujuana na wengi.

Wala si mimi peke yangu nisemaye haya. Watafiti wawili, Valeria Varea na Gustavo González-Calvo, waliwauliza vijana wa Hispania waliokuwa wakijifunza ualimu wa elimu ya viungo, wakati nchi yao ilipofungwa mwaka 2020. Vijana wale walilalamika kuwa miili haipo, mguso haupo, ukaribu haupo, na kwamba somo lao limepotewa na kiini chake. Wahenga wetu hawakuwa na maabara, lakini walikwisha kulinena jambo hili kwa ufupi: asiyekuwapo na lake halipo.

Hoja moja ya wapinzani wangu ina uzito, nami sitaipita kama sikuiona. Wapo wasichana wengi, na katika Mji wa Kale wamo, ambao huona haya kukimbia mbele ya macho ya wapita njia. Msichana wa namna hiyo akipata zoezi katika simu, akalifanya chumbani kwake, amepata sitara na faida pamoja. Haja yake ni ya kweli. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 na Shirika la Afya Duniani, juu ya vijana wa shule wenye umri wa miaka 11 hadi 17 katika nchi 146, ulionyesha kuwa mwaka 2016 asilimia 81 hawakufanya mazoezi ya kutosha, yaani saa moja kila siku. Wavulana walikuwa asilimia 78, wasichana 85. Lakini dawa ya jambo hilo ni ukuta, saa maalumu na mwalimu mwanamke, vitu ambavyo shule yaweza kuvipata ikitaka. Msichana akipewa simu juu ya uwanja, amezidishiwa. Akipewa simu badala ya uwanja, amefundishwa kuwa uwanja si wake.

Hebu sasa tutoke nchi kavu. Sisi ni watu wa kisiwa. Kila siku maelfu ya watu, na wanafunzi miongoni mwao, huvuka maji ya Likoni kwa feri. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272. Sisemi kuwa kila mmoja wao angaliokoka kama angalijua kuogelea. Katika msongamano ule hata mwogeleaji hodari angaliweza kushindwa. Nasema kuwa mji uliopatwa na msiba kama huo haupaswi kuridhika na watoto wasiojua maji. Basi nani atamfundisha mtoto kuogelea kwa simu? Aweza kuonyeshwa namna ya kupiga mikono, akaisoma mpaka akaikariri, na siku ya maji akazama na maarifa yake yote. Kuogelea hufundishwa ndani ya maji, mbele ya jicho la mtu anayejua kuokoa.

Kwa nini basi kauli hii hupendwa? Kwa maoni yangu ni kwa sababu mbili, na hakuna hata moja iliyo ya elimu. Kwanza, saa ya viungo haina mtihani mkuu mwishoni, na kwa miaka mingi imekuwa ghala ambamo kila mwalimu aliyechelewa katika somo lake hujichukulia dakika. Ikisemwa kuwa wanafunzi watafanya mazoezi nyumbani kwa simu, wizi huo hupata jina zuri. Pili, ardhi ya kisiwa ni ndogo na bei yake ni kubwa. Uwanja mtupu humuumiza macho mtu anayetamani kujenga. Ikikubaliwa kuwa mchezo waweza kukaa katika kioo, uwanja utakosa wakili. Na uwanja uliojengwa haurudi tena kuwa uwanja.

Simu na iwekwe mahali pake. Ieleze kanuni za mchezo kabla ya siku ya kucheza. Ionyeshe polepole namna mrukaji anavyotua, ili mwanafunzi aje uwanjani akiwa na picha akilini. Imfae mgonjwa, na aliye mbali na shule, na siku za msiba kama zile za 2020. Lakini isihesabiwe kuwa ni somo lenyewe, wala isiandikwe katika ratiba mahali pa saa ya uwanjani.

Nanyi wanafunzi msiliachie jambo hili watu wazima peke yao. Saa yenu ya viungo ikichukuliwa, mwulizeni mwalimu kwa adabu itarudishwa lini. Mkisikia kuwa uwanja wa shule umepimwa na watu wenye kamba na vigingi, waambieni wazazi wenu siku ile ile, waende kuuliza katika halmashauri ya shule. Na mpewapo nafasi ya kutoka, tokeni nyote, hodari na mnyonge, mvulana na msichana. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na uwanja usiochezewa ni rahisi kuuzwa.