Makaa ya pumba hunasa sumu, lakini nani alipe?

MCHICHA uliomwagiliwa maji yenye taka za viwandani hautambuliki kwa macho. Hupangwa mafungu kama mwingine, na mnunuzi hulipa bei ileile.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Msimbazi na Sinza. Ndani yake walikuta madini mazito, yakiwamo kadimiamu, ambayo hudhuru figo, na risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto.

Dawa inayotajwa siku hizi ni bayocha, yaani makaa yanayotokana na kuchoma pumba za mpunga au mabua penye hewa kidogo. Makaa hayo yana vitundu vingi vinavyonasa madini, na hupunguza tindikali ya udongo. Fosfati, kama ile ya Minjingu mkoani Manyara, huungana na risasi na kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka kirahisi, hivyo mizizi huinyonya kidogo.

Hata hivyo, sumu haiondoki, inafungwa tu. Tindikali ikirudi, inaweza kufunguka. Tena aseniki ina tabia tofauti: fosfati na chokaa huweza kuifanya isambae zaidi. Ndiyo maana udongo upimwe kwanza.

Sasa tuangalie hesabu. Udongo wa juu wa ekari moja, kwa kina cha sentimita 20, una uzito wa takribani tani 1,000. Kuchanganya bayocha asilimia 2 tu kunahitaji tani 20, yaani malori mawili ya tani 10. Kwa kuwa pumba zikichomwa hubakiza takribani theluthi moja, zitatakiwa tani 60 za pumba. Mkulima wa matuta machache hawezi gharama hiyo, na kiwanda kikiendelea kumwaga taka mtoni, kazi itaanza upya.

Hesabu hubadilika tope la kiwandani likichanganywa na makaa na chokaa kabla halijatoka getini. Hapo linatibiwa rundo, si bonde zima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kwamba mchafuzi ndiye alipe.

Wakulima wadai hilo kupitia vikundi vyao, vipimo vikiwa mkononi. Mfanyabiashara naye aulize mboga zimemwagiliwa maji gani. Wateja wakizikimbia mboga za bondeni, hata mkulima mwenye kisima safi atakosa soko.